Lugha ya kubuni kwa filamu fupi: nianzie wapi?

Mwongozaji_Mza: Habari zenu wakuu. Naandaa filamu fupi kuhusu viumbe wanaoishi chini ya Ziwa Victoria. Sitaki waongee Kiswahili. Mpigapicha wangu anashauri tuchukue Kisukuma, tugeuze silabi kinyumenyume, mambo yaishe. Mtaalamu simuwezi kwa bajeti hii. Nisaidieni.

chapa_moja: Wangurume tu mkuu, maandishi ya chini yatamaliza kazi.

Bi_Sarufi: Kijana, Kisukuma kiache. Mwanza nzima itaanza kubahatisha maneno badala ya kuogopa. Yamewakuta hata wakubwa: kwenye Return of the Jedi ya 1983, filamu ya Star Wars, kiumbe Nien Nunb, rubani msaidizi wa mhusika Lando, alitiwa sauti na mwanafunzi wa Kenya, na humo mna Kikuyu halisi. Marekani walisikia lugha ya sayari ya mbali. Nairobi walimsikia jirani.

Anza na sauti, maneno yatafuata. Mwanaisimu Paul Frommer alipotunga Kina'vi, lugha ya viumbe wa filamu ya Avatar (2009), aliziacha kabisa b, d na g, akaingiza p, t na k zinazopasuka koo likiwa limebanwa, kama wanavyotamka Waamhari. Kwa masikio yangu, sauti iliyokosekana huleta ugeni kuliko iliyoongezwa. Hao viumbe wako wana midomo ya kufumba? Kama hawana, basi m, p na b ziondoke, na usimwonee huruma mwigizaji.

Kisha chagua kanuni moja inayokwenda kinyume na mazoea yetu. Sisi wakati tunauweka mbele ya mzizi: a-li-winda. Kina'vi kinaupachika tumboni mwa mzizi wenyewe: taron ni winda, tamaron ni wakati uliopita, tayaron ni ujao. Mwanaisimu mwingine, Marc Okrand, kwenye Kiklingoni, lugha ya viumbe wa filamu ya Star Trek III (1984), alimtanguliza mtendwa na kumweka mtendaji mwisho. "Puq legh yaS" maana yake afisa anamwona mtoto, ingawa aliyetajwa kwanza ni mtoto. Kanuni moja ya namna hiyo inakutosha.

Kamusi ya nini? Tunga maneno ya skripti tu. Yarekodi kwenye simu uwatumie waigizaji sauti, maana ukiwapa karatasi kila mtu atasoma kwa lafudhi ya kwao.

Mwongozaji_Mza: Asante sana mama. Midomo hawana! Sasa mwigizaji akikosea siku ya kupiga, nirudie? Taa ni za kukodi.

Bi_Sarufi: Kama hisia imekaa sawa, usirudie. Waigizaji wa Okrand walikosea pia, na baadhi ya makosa hayo akayaingiza kwenye lugha. Andika alichotamka, na neno hilo likirudi mahali pengine lisemwe vilevile. Ila daftari lishikwe na mtu mmoja, tena asiwe mwongozaji.

chapa_moja: Daftari nashika mimi. Niko Igoma, mnapiga lini?