Kupima figo: damu, mkojo au ultrasaundi?

Mwanjelwa_Kati: Wakuu, nataka mama apimwe figo wiki hii hapa Mbeya. Maabara moja wanasema kreatinini (uchafu wa kwenye damu ambao figo huchuja), nyingine mkojo unatosha, jirani anasisitiza ultrasaundi. Hela ya vyote sina. Nianze na kipi?

Kitulo: Umri? Presha? Sukari? Miguu inavimba? Unaficha yote halafu unataka jibu!

Fundi_Uyole: Ultrasaundi mkuu. Figo unaiona kwa macho, hakuna kuzungushana.

BintiMafinga: Inaonyesha ukubwa wa figo, mawe, na kama njia ya mkojo imeziba. Haisemi figo inachuja kiasi gani. Picha inaweza kuwa safi huku protini inavuja.

Mnyaki_Tukuyu: Na kreatinini msiiamini kichwakichwa. Bibi yangu, miaka 78, alipimwa sehemu moja siitaji. Karatasi: kreatinini 104 µmol/L, pembeni "kawaida", kiwango kimoja kwa wanaume na wanawake. Tukarudi nyumbani kwa amani. Magoti yakimuuma anameza diklofenaki, pakiti inakaa chini ya mto. Baadaye daktari mwingine akachukua namba ileile, akaweka umri na jinsia, eGFR, yaani makadirio ya figo inachuja kiasi gani, ikatoka 47! Bibi amekonda, misuli imekwisha, na kreatinini inatoka kwenye misuli, ndiyo maana namba ilionekana ya kawaida. Diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, ikapigwa marufuku siku hiyohiyo. Nilikasirika sana, karatasi ile ninayo mpaka leo.

Fundi_Uyole: Bibi angekunywa ulanzi, pombe ya mianzi, figo zingesafishika. Wazee wa Iringa mnawaona?

BintiMafinga: Kaka, mimi ndiye wa huko. Ulanzi unakukojoza tu. Usitudanganyie watu.

Fundi_Uyole: Kukojoa si ndiyo kusafisha?

Kitulo: Hapana. Mtu anaweza kukojoa vizuri na figo zimechoka. Mleta mada yuko wapi?

Mwanjelwa_Kati: Nipo. Mama ana 61, sukari ya muda mrefu, presha inapanda na kushuka.

Kitulo: Hilo ungeanza nalo! Mwenye sukari apime viwili: kreatinini pamoja na eGFR, na uwiano wa albumini (ile protini inayovuja) na kreatinini kwenye mkojo. Stripu ya kawaida ya mkojo huweza kukosa albumini kidogo. eGFR ikiwa chini ya 60, hurudiwa baada ya miezi 3 kabla ya kusema ni ugonjwa sugu, ila daktari amwone mapema.

Mnyaki_Tukuyu: Na usiku wa kuamkia kipimo asile nyama nyingi, inapandisha kreatinini.

Mwanjelwa_Kati: Huo uwiano hospitali ya Rufaa wanapima? Bima inalipa?

Fundi_Uyole: BintiMafinga, msimu wa ulanzi umeanza huko?