Mtaa ni wa nani, wa mwenye hati au wa anayeishi hapo?

Wakuu, hili tulijadili bila matusi. Septemba 2015 kule Brick Lane, London mashariki, waandamanaji walikivamia kimgahawa kilichokuwa kinauza konifleksi na jamii zake tu, wakakirushia rangi na kuandika matusi kwenye kioo huku ndani kuna wateja na watoto. Hoja yao ni kwamba huu ni mtaa wa watu wa kipato cha chini halafu anakuja mtu anauza bakuli la konifleksi kwa bei ya kuchekesha, kodi zinapaa, waliokuwepo wanafungasha.

Hasira yao naielewa kabisa ila walipiga sipo. Muuza konifleksi hapangi kodi ya mtu anayelala ghorofa ya tatu. Anayepanga ni mwenye jengo, na sheria inayomruhusu apandishe atakavyo kuna watu waliikalia kikao wakaipitisha, shida ni kwamba mwenye jengo hana kioo mtaani cha kurushia rangi. Kimgahawa chenyewe kilifungwa 2020 kipindi cha korona, sasa nani kapunguziwa kodi?

Berlin walienda kivingine. Kwanza wakazi wa Kreuzberg waliikataa Google iliyotaka kufungua kituo chake cha kampuni changa pale mpaka Oktoba 2018 ikanywea, sawa, ila hawakuishia hapo, Septemba 2021 ikapigwa kura ya jiji zima kwamba kampuni zenye nyumba zaidi ya 3,000 zinyang'anywe kwa fidia ziwe mali ya umma, na zaidi ya nusu wakasema ndiyo. Kura haikuwa na nguvu ya kisheria na wanasiasa wamekuwa wakiipiga danadana (wanasiasa bana), lakini angalau pale mlengwa alikuwa ndiye.

Sasa najua kuna watu watakuja na ile ya "kanunua kwa hela yake, mtaa ni wake". Hela yake imenunua nyumba. Bei ya hiyo nyumba imepanda kwa sababu ya watu waliokaa hapo miaka yote wakati taa za barabarani haziwaki na benki zinawakatalia mikopo, wakafungua vibanda, wakalea watoto, mtaa ukachangamka. Faida ya jasho lao anakula mwingine na wao wanapewa notisi ya kuhama, halafu tunaita maendeleo.

Ila kuna sehemu moja inanipa shida. Mwenyeji mwenyewe anayeuza. Mzee kakaa hapo miaka 40, hana pensheni ya maana, nyumba ndiyo akiba yake yote, kapata ofa nono, unamwambia asiuze ili mtaa ubaki ulivyo? Roxbury kule Boston walijaribu njia ya kati, ardhi inashikwa na wakazi kwa pamoja, wewe unamiliki nyumba tu na ukiuza bei ina ukomo. Mpangaji na mnunuzi wa kesho wanapona, ila mzee ndo kaikosa ile ofa nono. Nyie mnaotetea wenyeji, huyu mzee mnamweka upande gani?