Naombeni ushauri: mazoezi ya kujiokoa kwenye nyambizi ya mtu mmoja, mfuniko umenigomea

Mchomeleaji_Michigan

Wakuu, salaam. Naishi Marekani, jimbo la Michigan. Miaka miwili iliyopita nilinunua K-250 chakavu, zile nyambizi za mtu mmoja alizobuni George Kittredge. Hiyo 250 ni kina chake kwa futi, kama mita 76. Nimeichomelea upya, vali zote nimebadilisha, na kiangazi hiki nataka kuiteremsha ziwani mita 15 hadi 20, si zaidi.

Kabla ya hapo nilitaka nijue kutoka. Nikatengeneza mnara wa bati nene wenye mfuniko wa sentimita 50, tukauzamisha kwenye bwawa, mfuniko ukiwa mita moja tu chini ya maji. Nje walikuwepo wapiga mbizi wawili. Nikafungua vali, maji yakaingia. Yalipofika kifuani baridi ikanibana pumzi, mkono ukaenda wenyewe kwenye mpini. Nikasukuma kwa mikono, kwa bega, kwa kichwa. Haukutikisika. Nilijua natakiwa kusubiri presha ya ndani ilingane na ya nje, nilishaisoma sana hiyo, lakini yote yalinitoka. Nikaanza kugonga ukuta, wenzangu wakafungua vali kubwa ya nje, maji yakajaa haraka, nikatoka.

Wiki ya tatu hii sijarudi bwawani. Mke wangu anasema niiuze. Sitaki kuiuza, na sitaki kumwacha mjane. Aliyepitia mazoezi ya namna hii anieleze alianzia wapi.

Fundi Bomba

Pole sana mkuu. Mfuniko haukukugomea, ulikuwa umebebeshwa maji. Sentimita 50 za kipenyo ni karibu sentimita za mraba 1,960, na kila mita ya kina inaweka gramu 100 juu ya kila moja. Pale bwawani ulikuwa unasukuma kilo 200 hivi. Kwenye mita 20 ni karibu tani 4. Hakuna bega la kuziinua hizo.

Mwaka 1931 nyambizi ya Uingereza, HMS Poseidon, ilizama karibu na Weihaiwei, China. Mabaharia waliofungiwa sehemu ya mbele walisimama gizani zaidi ya saa mbili wakingoja maji yapande mpaka mfuniko ukubali. Walikuwa watu wa jeshi, wenye vifaa na mafunzo, na bado kazi yao kubwa ilikuwa kungoja.

Mwalimu wa Mbizi Nungwi

Kaka, hongera kwa kuanza na bwawa. Swali langu la kwanza: una cheti cha kupiga mbizi kwa mtungi? Kama huna, simamisha kila kitu ukakitafute. Ukishavuta hewa ya mtungi chini ya maji kisha ukapanda huku umebana pumzi, ile hewa inatanuka. Kutoka mita 20 inakuwa mara tatu. Watu wamepasuka mapafu kwenye bwawa lenye kina kisichofika hata mita mbili. Ukitoka kwenye mfuniko unatoa pumzi njia nzima mpaka juu. Mwanafunzi nisiyeona mapovu yake yakitoka namshika mguu, hapandi.

Na jaketi la kuokolea usilijaze ukiwa ndani. Litakubandika kwenye dari na hutoki.

Dada Nesi

Naongeza la hewa chafu, maana hili linaua kimyakimya. Mwaka 1973 nyambizi ndogo ya utafiti, Johnson Sea Link, ilinaswa kwenye mabaki ya meli huko Florida; wawili kati ya wanne waliokuwemo walikufa kwa kabonidayoksaidi kabla ya kuokolewa. Sasa fikiria chumba chako: ukiacha maji yaibane hewa ileile mpaka presha ya mita 20, kabonidayoksaidi uliyokwisha kuitoa inakulemea mara tatu. Utahema, utaona kichwa kizito, na hofu itakuja hata kama moyo wako ni wa simba. Pandisha presha kwa kuachia hewa ya mtungi huku maji yakiingia, na uamue mapema, kabla hewa haijachakaa.

Mzee wa Rigi

Nilifanya kozi ya kutoka kwenye helikopta iliyozama, kabla ya kwenda kwenye kazi za gesi nje ya Mtwara. Mara ya kwanza nilifanya kama wewe: mkono ulikimbilia mkanda, nikameza maji. Mwalimu akanirudisha nchi kavu. Kiti kikavu, macho yamefungwa kitambaa, mkono mmoja umeshika fremu ya dirisha na hauachii mpaka nimetoka. Tulirudia mpaka mkono ukazoea.

Wewe shika ukingo wa mfuniko kwa mkono wa kushoto, mpini usiuguse. Halafu sikiliza. Vali inapoingiza maji inapiga mlio. Presha zikilingana, inanyamaza. Usitazame maji yamefika wapi, maana macho ndiyo yanayokutisha. Masikio yakuambie.

Mchomeleaji_Michigan

Mzee, nimeisoma hiyo mara tatu. Ni kweli, siku ile vali ilikuwa bado inalia niliposhika mpini. Sasa ndiyo naukumbuka ule mlio.

Cheti ninacho, mwalimu, ila ni cha zamani. Nitarudia kozi.

Fundi Bomba

Jambo moja kabla hujarudi majini. Uzito wa kudondosha wa nyambizi yako umewahi kuujaribu ikiwa imeinama upande? Huo ukidondoka, nyambizi inapanda juu na mfuniko unafunguliwa kikavu, haya mengine yote huyahitaji.

Mchomeleaji_Michigan

Ikiwa wima tu. Jumamosi naifunga kwenye winchi, naiinamisha nyuzi 30 kila upande, nione kama pini inayoshika huo uzito inachomoka. Bwawa baadaye. Mke wangu amesema atakuja kushika saa.