Je, Foreman alishindwa Kinshasa kabla ya kengele kulia?

Mdau wa Ndondi, Tanga

Wapenzi wa masumbwi, salamu kwenu nyote. Nina swali linalonirudia kila linapotangazwa pambano kubwa la ubingwa wa uzito wa juu, pale mabondia wanapoanza kutambiana wiki nyingi kabla ya kupanda ulingoni. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman, lililopigwa Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, husimuliwa kana kwamba Ali alilishinda kwa mdomo na ngumi zikaja tu kumalizia kazi. Mimi nina mashaka na simulizi hiyo. Foreman alikuwa na umri wa miaka 25, alikuwa ameshinda mapambano yake yote 40, na 37 kati ya hayo aliyamaliza kwa KO, yaani mpinzani alishindwa kuendelea kabla ya raundi kuisha. Joe Frazier aliangushwa naye mara sita ndani ya raundi mbili huko Kingston, Jamaika, Januari 1973, na Ken Norton naye akamalizwa katika raundi ya pili huko Caracas, Machi 1974. Frazier na Norton ndio mabondia pekee waliokuwa wamemshinda Ali hadi wakati huo. Mtu mwenye rekodi ya namna hiyo anawezaje kuyumbishwa na maneno ya mpinzani mwenye miaka 32, ambaye hata baadhi ya mashabiki wake walikuwa wakimwombea tu atoke ulingoni akiwa mzima? Naomba wenye kulijua pambano hili vizuri watueleze tambo zile zilifanya kazi gani hasa, na mahali gani kazi yake iliishia.

Kona Nyekundu

Ndugu Mdau, nadhani ugumu wa swali lako unatokana na kudhani kwamba lengo la tambo lazima liwe kumtia mpinzani hofu. Sioni dalili yoyote kwamba Foreman alimwogopa Ali, wala sidhani kwamba Ali alitegemea hivyo. Alichokitaka ni Foreman ajiandae kwa pambano ambalo halitakuwepo, na hapo ndipo ninapoona ufundi wake.

Kumbuka alichokuwa akikihubiri kwa miezi. Kila aliposimama mbele ya waandishi wa habari alisema atacheza kwa miguu, atazunguka ulingo mzima usiku kucha, na Foreman atakuwa kama maiti ya Misri iliyofungwa sanda, inayotembea polepole ikimtafuta mtu asiyeshikika. Akamwita hivyo hivyo, Maiti ya Misri. Kambi ya Foreman, iliyokuwa na watu wazoefu kama Dick Sadler na bingwa wa zamani Archie Moore, iliamini kwamba tatizo lao kubwa litakuwa miguu ya Ali. Kwa hiyo mazoezi ya Foreman yakaelekezwa kwenye kuukata ulingo, yaani kumzibia mpinzani njia hatua kwa hatua mpaka abaki kwenye kamba au kwenye kona. Foreman alikuwa hodari sana wa kazi hiyo, na Frazier na Norton walikuwa wameionja.

Halafu kengele ikalia. Katika raundi ya kwanza Ali alimrushia Foreman ngumi za mkono wa kulia mara kadhaa bila kutanguliza ya kushoto, jambo ambalo bondia wa kulipwa hulichukulia kama dharau, kwa sababu ngumi ya kulia husafiri umbali mrefu zaidi na huonekana mapema. Kuanzia raundi ya pili akafanya jambo la ajabu zaidi: akaenda mwenyewe kwenye kamba, akaegemea, akafunika uso kwa glovu na mbavu kwa viwiko, akamwacha Foreman apige. Kazi yote ambayo Foreman alikuwa ameifanyia mazoezi, ya kumsukuma Ali mpaka kwenye kamba, ilikuwa imefanywa na Ali mwenyewe bila gharama yoyote. Foreman akabaki na jambo moja tu la kufanya, nalo ni kupiga, na akapiga mpaka mikono ikamwishia nguvu. Katika raundi ya 8, zikiwa zimebaki sekunde chache tu, Ali akatoka kwenye kamba, akampiga mfululizo, na Foreman akaanguka na kuhesabiwa mpaka kumi.

Hayo ndiyo ninayoyaita mchezo wa akili. Matusi na mashairi yalikuwa kelele za juu, na chini yake kulikuwa na taarifa ya uongo iliyorudiwa mara nyingi hadi ikaaminiwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kutokuamini.

Mkufunzi Mstaafu

Kona Nyekundu ameeleza vizuri, lakini naomba kumpinga mahali pamoja, tena pa msingi. Anasimulia kana kwamba Ali alipanga yote tangu Marekani, akaficha siri yake, kisha akaifunua ulingoni. Ushahidi hauungi mkono jambo hilo kwa urahisi hivyo. Angelo Dundee, mkufunzi wake, alikuwa akimpigia kelele atoke kwenye kamba. Mtu aliyekaa kwenye kona yake kwa zaidi ya miaka kumi hakuwa na habari ya mpango huo. Ali mwenyewe alieleza baadaye kwamba katika raundi ya kwanza alitambua kuwa kucheza kwa miguu kungemchosha kabla ya Foreman, kwa kuwa Foreman alikuwa akiziba njia kwa hatua chache wakati yeye akitumia nyingi. Kwa maneno mengine, mazoezi ya kina Sadler yalifanya kazi! Ali akalazimika kutafuta njia nyingine, na kamba zilizokuwa zimelegea zikamsaidia kuegemea nyuma na kukiweka kichwa mbali na ngumi.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu vijana niliowafundisha walipenda sana tambo, na walipenda kusikia kwamba Ali alishinda kwa tambo. Hawakupenda kusikia kwamba kwa miaka mingi mazoezini alijiegemeza kwenye kamba na kuwaacha wenzake wa mazoezi wampige mwilini. Hilo lilikuwa sehemu ya matayarisho yake, na bila mwili uliozoea kupigwa hakuna maneno ambayo yangemfikisha raundi ya 8 mbele ya Foreman.

Jambo la pili ni pumzi. Mapambano matatu ya ubingwa ambayo Foreman alikuwa ameshinda kabla ya Kinshasa, dhidi ya Frazier, José Roman na Norton, yote kwa pamoja hayakuzidi raundi tano. Anayemaliza kazi mapema kila mara huzoea kutumia nguvu zake zote mapema. Joto la Kinshasa saa kumi alfajiri, muda uliochaguliwa ili watazamaji wa Marekani walione pambano jioni kwao, halikumsaidia. Waamuzi wote watatu walikuwa wakimpa Ali uongozi wakati pambano linakwisha, maana yake ni kwamba hata alipokuwa kwenye kamba alikuwa akipiga ngumi safi zilizofika.

Kona Nyekundu

Shikamoo, Mkufunzi. Nakubali kwamba uamuzi wa kwenda kwenye kamba ulifanyika ulingoni, na nimejifunza. Hata hivyo, hoja yangu bado inasimama kwa upande wa Foreman. Hata kama Ali alikuwa mkweli aliposema atacheza, kambi ya pili ilikuwa imekwisha kuamini jambo moja tu, na lilipobadilika hakukuwa na mpango wa pili. Sadler na Moore walikuwa na mapumziko ya dakika moja baada ya kila raundi ya kumwambia kijana wao apunguze kasi, na Foreman akaendelea kupiga kwa nguvu ile ile. Alikuwa amedharauliwa kwa ngumi za kulia katika raundi ya kwanza, kisha akawa anasemeshwa kila walipokumbatiana. Foreman mwenyewe alisimulia kwamba, baada ya kumpiga Ali ngumi nzito ya mwilini, alimsikia akimuuliza sikioni kama hiyo ndiyo nguvu yote aliyo nayo, na kwamba moyoni alijijibu kuwa ndiyo. Maneno yale yalimzuia kupumzika wakati alipohitaji sana kupumzika.

Mwana wa Lubumbashi

Ndugu zangu, mnazungumza juu ya ulingo peke yake, na mnaiacha Kinshasa yenyewe. Pambano lilikuwa lifanyike tarehe 25 Septemba. Tarehe 16 Foreman alichanika juu ya jicho la kulia kwa kiwiko cha mwenzake wa mazoezi, na pambano likaahirishwa kwa wiki tano. Ninaamini wiki hizo tano ndizo zilizoamua mambo mengi, na sielewi kwa nini huwa zinatajwa kwa sentensi moja.

Jiulizeni jinsi kila mmoja wao alivyoishi katika muda huo. Ali alikuwa Nsele, nje ya mji, kando ya Mto Kongo, na kila alipokutana na watu alisimama, akazungumza, akawachekesha watoto, akasema amerudi nyumbani kwa babu zake. Aliposikia habari za jeraha aliwaambia waandishi kwamba Foreman asiruhusiwe kuondoka nchini, kana kwamba bingwa wa dunia alikuwa akitafuta njia ya kukimbia. Foreman hakuweza kupigana mazoezini kwa muda mrefu kwa sababu ya jeraha, alikaa zaidi hotelini, na hakuwa mtu wa maneno mengi wakati huo. Alikuja pia na mbwa mkubwa wa aina ile wanayoitumia polisi. Kwa Mmarekani huyo ni mbwa wa kufuga tu. Kwa wazee wetu, ambao mwaka 1974 walikuwa hawajafikisha hata miaka 15 tangu Wabelgiji waondoke, mbwa yule aliwakumbusha askari wa kikoloni. Foreman hakuwa na nia mbaya, na ninamwonea huruma kwa jambo hilo, lakini hakuna aliyekuwa karibu naye wa kumwelezea alikuwa amefika wapi.

Kwa hiyo kelele ya «Ali, boma ye», yaani muue kwa Kilingala, ilipoanza kusikika barabarani na kisha ndani ya Uwanja wa Tarehe 20 Mei, haikuwa shangwe ya kawaida ya mashabiki. Watu walikuwa wamekwisha kumchagua mmoja wao. Wote wawili walikuwa Wamarekani Weusi, wote wawili walikuwa wageni, na kila mmoja alikuwa ameahidiwa dola milioni 5 kwa fedha zilizopatikana kwa msaada wa serikali ya Mobutu, lakini mmoja tu ndiye alipigana akiwa kwao. Foreman alimfanya Ali asubiri ulingoni peke yake kwa dakika kadhaa, hila ya zamani ya bingwa mtetezi ya kumkausha mpinzani kwa kungoja. Ali akautumia muda huo kuwaongoza watu kuimba. Hila ya Foreman ikamgeukia mwenyewe.

Mdau wa Ndondi, Tanga

Nawashukuru sana. Nimeona sasa kwamba nilikuwa nikiuliza juu ya mambo matatu kwa pamoja: kumdanganya mpinzani kuhusu namna utakavyopigana, kumkasirisha ili apoteze mpangilio wake, na kuwavuta watazamaji upande wako. Naomba niongeze swali moja la mwisho. Je, kuna pambano la Ali ambapo tambo zilimdhuru yeye mwenyewe?

Mkufunzi Mstaafu

Lipo. Ni la Manila, tarehe 1 Oktoba 1975, mara ya tatu kukutana na Joe Frazier. Lakini kwanza tazama mahali tambo zilipomfaa: mwaka 1964 dhidi ya bingwa Sonny Liston pale Miami Beach, Ali, aliyekuwa bado akiitwa Cassius Clay, alipiga kelele kwenye upimaji wa uzito mpaka akatozwa faini ya dola 2,500 na mapigo ya moyo wake yakafika karibu 120 kwa dakika, hivyo wengi wakaamini ana hofu au amerukwa na akili. Liston alikuwa mtu aliyezoea kutisha, na hakujua la kufanya na kijana asiyetishika. Alikataa kutoka kwenye kiti chake raundi ya saba ilipoanza.

Frazier alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Huyu alikuwa amemtetea Ali wakati aliponyang'anywa leseni kwa kukataa kwenda vitani Vietnam. Ali akamlipa kwa kumwita sokwe mbele ya kamera, akiwa na mwanasesere wa sokwe mkononi akimpiga ngumi. Frazier hakupoteza mpangilio kwa hasira. Hasira ilimpa sababu ya kutorudi nyuma, na akampiga Ali mbavuni raundi baada ya raundi kwa namna ambayo Ali baadaye aliifananisha na kukaribia kifo. Ali alishinda kwa sababu Eddie Futch, mkufunzi wa Frazier, alimzuia Frazier asitoke kwa raundi ya 15, jicho lake likiwa limefumba. Gharama ya pambano lile kwenye mwili wa Ali ni kubwa, na Frazier alibaki na uchungu wa maneno yale kwa miongo kadhaa. Mimi sijawahi kumsamehe Ali kwa jambo hilo, ingawa ninampenda kuliko bondia mwingine yeyote.

Kona Nyekundu

Nami niongeze mfano wa karibuni kwa Ndugu Mdau. Riyadh, Mei 2024, Tyson Fury alikwenda kukutana na Oleksandr Usyk wa Ukraine kwa mikanda yote minne ya uzito wa juu. Fury ni mmoja wa watu hodari zaidi wa tambo katika kizazi chake. Mwaka 2015 alimvuruga Wladimir Klitschko kwa vituko, pamoja na kuingia kwenye mkutano wa waandishi akiwa amevaa kama Batman, na akamnyang'anya mikanda huko Düsseldorf. Kwa Usyk hakupata pa kushika. Usyk alijibu kwa utulivu, na walipowekwa uso kwa uso mbele ya waandishi ni Fury ndiye aliyekataa kumtazama. Usyk alishinda kwa uamuzi wa majaji usio wa pamoja, baada ya kumpeleka Fury kwenye kamba akiyumba katika raundi ya 9. Walipojiandaa kurudiana mwezi Desemba walitazamana kwa zaidi ya dakika 10 bila yeyote kukubali kuangalia pembeni, na safari hiyo majaji wote watatu wakampa Usyk.