Mjadala: Timu za Ligi Kuu zinazoishi kwa wachezaji wa mkopo, ni timu kweli?

Mgosi wa Tandika
Wakuu, dirisha dogo la usajili likifunguka tu naona sinema ileile. Timu ndogo ya Ligi Kuu inampeleka benchi dogo wake aliyepanda kutoka timu ya vijana, U20, inaleta mchezaji wa mkopo kutoka Simba, Yanga au Azam. Akiwaka, mwenye mali anamrudisha kwake. Akizingua, mnabaki naye mpaka msimu uishe. Yule dogo wa nyumbani ameshapoteza nusu msimu anabeba chupa za maji. Mimi nasema kanuni iseme wazi: kikosi kinachoanza kiwe na wa mkopo wawili, basi. Timu zetu zisigeuzwe yaya wa watoto wa Kariakoo, yaani Simba na Yanga. Mnasemaje?

Makofia Msimbazi
Yaya? Mgosi, chunga ulimi. Hao watoto wa Kariakoo ndio wanaowabakisha ligi. Timu haijalipa mishahara, inaletewa winga ambaye sehemu ya mshahara wake inatoka Msimbazi kwetu Simba, na bado mnanuna. Warudisheni basi tuone mtamaliza nafasi ya ngapi.

Shangazi wa Magomeni
Makofia umejibu neno moja, hoja umeikimbia. Haya, mfano. KMC ni ya Manispaa ya Kinondoni. Ushuru wa genge langu umo mle. Sisemi wao ndio wanafanya hivi, nazungumzia kanuni: kwa nini hela ya umma imnoe mshambuliaji ambaye akishaiva anavaa jezi nyekundu ya Simba? Tandale na Mwananyamala vijana wamejaa, wanacheza ndondo, mpira wa mtaani, mpaka giza linaingia hakuna anayewaona.

Jangwani Damu
Nyekundu tu, shangazi? Kijani ya Yanga umeiruka au macho?

Shangazi wa Magomeni
Kijani pia mwanangu. Nyote wamoja, mnatofautiana rangi ya fulana.

Lambalamba Halisi
Ndiyo maana mimi ni Azam. Timu imeanzishwa 2004, Ligi Kuu imepanda 2008, msimu wa 2013/14 bingwa bila kupoteza mechi hata moja. Himid Mao kakulia kwetu. Halafu 2017 Makofia na wenzake wakaja kubeba wanne kwa mpigo: Bocco, Manula, Kapombe, Nyoni. Hao hamkukopa, mliwakomba.

Makofia Msimbazi
Kapombe? Kapombe alikuwa kwetu kabla hajawa kwenu, soma historia. Wachezaji walikuja kwa miguu yao, na baada ya hapo ubingwa mara nne mfululizo, 2018 mpaka 2021, hesabu. Na huo wa kwenu wa 2014 mliushangilia na nani? Kule Chamazi, Mbagala, Azam ikicheza na timu ya mkoani unamsikia kocha anavyofoka na refa anavyomjibu.

Fundi wa Mbande
Chamazi siyo Mbagala.

Makofia Msimbazi
Fundi, hiyo ndiyo umeona ya kujibu?

Fundi wa Mbande
Ndiyo. Watu wa mjini mkishavuka Mtoni kwa Aziz Ali, kila kitu kwenu ni Mbagala. Chamazi ni kata yake. Unashuka Rangi Tatu, unapanda gari la Mbande, ndipo unafika. Mmecheza pale miaka yote hiyo na bado hamjui mlikuwa wapi.

Jangwani Damu
Sisi tulipofanya Chamazi nyumbani, konda aliita Mbagala Mbagala, tukapanda, tukachukua pointi tatu, tukarudi. Ungetaka tupitie serikali ya mtaa kwanza?

Kocha wa Ndondo
Jamani, mpira. Mimi mkopo wenyewe hauniumizi. Kinachoniumiza ni kile kifungu cha kumzuia mchezaji asicheze dhidi ya timu mama, iliyomkopesha. Mechi kubwa kuliko zote kwenye msimu wa timu ndogo ni dhidi ya Simba au Yanga, na siku hiyo hiyo mfungaji wako yuko jukwaani kavaa kandambili. Uingereza wameiandika kabisa kwenye kanuni za ligi yao. Lakini UEFA walikataa: 2014 kipa Courtois alikuwa Atlético kwa mkopo kutoka Chelsea, Chelsea wakataka walipwe ndiyo adake dhidi yao, UEFA wakasema hakuna kitu kama hicho. Akadaka, Chelsea wakafa 3-1 nyumbani kwao. Na 2020 Coutinho, mali ya Barcelona, akatoka benchi la Bayern akawatupia Barcelona mabao matatu kwenye yale nane waliyofungwa.

Jangwani Damu
Mawili, kocha. Usimwongezee, yale mawili yanatosha kuua.

Makofia Msimbazi
Sasa nani atatoa mchezaji wake aje amfunge? Hata wewe fundi ukimwazima jirani nyundo, hutaki aje kubomolea ukuta wako.

Fundi wa Mbande
Usiniingize kwenye nyundo. Kwanza ukubali kuhusu Chamazi.

Shangazi wa Magomeni
Makofia, unaona ulivyosema? "Mchezaji wake." Kwa hiyo siku mkicheza na mkopaji, kumi na mmoja wenu wanapambana na timu mliyoichagulia kikosi. Halafu mnashinda mnatuletea keki.

Makofia Msimbazi
Shangazi unasema tunanunua mechi? Sema wazi, usizunguke.

Shangazi wa Magomeni
Sijasema kununua. Nimesema kikosi. Ila mbona umeruka juu hivyo?

Lambalamba Halisi
FIFA wenyewe wameliona hili. Tangu Julai 2022 wameweka kikomo cha mikopo ya kimataifa, wakaanza na wanane kutoka na wanane kuingia, sasa ni sita. Vijana waliolelewa na klabu mpaka miaka 21 hawahesabiwi.

Jangwani Damu
Hiyo ni ya kuvuka mipaka. Hapa tunaongelea mtu anayetoka kwetu Yanga, Twiga na Jangwani, kwenda mkoani na begi moja. Halafu bila mkopo msingempata hata Samatta. TP Mazembe wa Congo walimchukua kwa mkopo kutoka Simba, wakaona mali wakanunua.

Makofia Msimbazi
Uongo mtupu! Aliuzwa, 2011, hela taslimu. Mkopo wake umekuja ukubwani: Fenerbahçe kwanza akiwa mali ya Aston Villa, kisha Antwerp na Genk akiwa mali ya Fenerbahçe. Nyie Yanga, Utopolo, mnapenda kutushushia bei hata tulichouza.

Fundi wa Mbande
Na Samatta NI wa Mbagala. Huyo ndiyo semeni Mbagala mpaka mchoke. Kaanzia Mbagala Market kabla haijaitwa African Lyon.

Mgosi wa Tandika
Fundi, kwa hiyo African Lyon ndio wamemlea, Simba wakauza?

Makofia Msimbazi
Mgosi usianze. Alikuja Simba, akaonekana Simba, akauzwa na Simba.

Kocha wa Ndondo
Lyon wako wapi leo, Makofia?

Makofia Msimbazi
Waulize Lyon. Mimi siyo yaya wao.

Shangazi wa Magomeni
Hahahaa! Kumbe neno limekuingia.

Fundi wa Mbande
Makofia bado nakusubiri. Chamazi ni wapi?