Kikundi cha familia "Damu Moja Kaloleni", Kisumu: picha za Rukia

*Jumapili, baada ya isha*

Rukia: Salaam aleikum nyote. Nawaambia mapema msije mkasikia kwa majirani. Mimi na Idi tunataka kupiga picha za uchumba kabla ya nikaha. Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, huku Nairobi. Tumefikiria juu kabisa ya KICC, lile jengo refu la mikutano, pale kwenye uwanja wa helikopta, mji wote uwe nyuma yetu.

Shangazi Halima: Waaleikum salaam. Picha za uchumba ndio nini tena? Posa si tulipokea, sinia zikarudi, na picha zikapigwa. Mimi mwenyewe niko kwenye nne, moja nimefumba macho.

Mama Mdogo Asha: Da Halima, zile ni za posa. Hizi ni za wao wawili, ndizo zinawekwa kwenye kadi na pale mlangoni siku ya harusi. Huku Nakuru wanapiga sana. Wanapanda mpaka Menengai, kwenye ukingo wa kasoko, na ule upepo, mitandio yote inaelekea Solai.

Shangazi Halima: Wao wawili? Peke yao?

Mama Rukia: Hapo ndipo nilikuwa nangoja pafikiwe.

Rukia: Mama jamani. Mpiga picha atakuwepo na msaidizi wake.

Shangazi Halima: Mpiga picha si mahram, si ndugu asiyeweza kukuoa.

Nassir: 😂😂 Shangazi amefunga mkutano

Mama Rukia: Na bei je? Sema yote Rukia, usinipe nusu hapa, nusu nyingine nipewe na Idi.

Rukia: Elfu 18. Saa mbili za kupiga, nguo mbili, picha 40 zilizohaririwa. Kiingilio cha jengo ni juu yetu.

Mama Rukia: Elfu kumi na nane kupanda darini.

Mjomba Juma: Nimesoma yote. Bei tuiache kwanza, tuzungumzie hewa. Mwezi wa saba Nairobi ni mawingu. Mko karibu mita 1,800 juu ya bahari, sisi huku Kisumu ni kama 1,130. Asubuhi mbingu inakuwa kama sufuria iliyogeuzwa. Mtalipa kuonyesha mji na mji hautaonekana.

Rukia: Mpiga picha alisema mawingu ni mazuri kwa uso, hakuna kivuli chini ya macho.

Nassir: Ni kweli, uso unatoka laini. Lakini na Mjomba yuko sawa, zile ghorofa za nyuma zitapauka zote. Kwa nini msipige huku nyumbani? Ufuoni Dunga jioni, jua linazama kwenye maji ya ziwa. Nitawapiga bure, mnitilie mafuta ya piki tu.

Mjomba Juma: Na jua la huku linachelewa kuzama kuliko la Nairobi, dakika kama nane. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja ni dakika nne, na kati yetu na Nairobi kuna digrii mbili na kidogo.

Nassir: Mwalimu amestaafu lakini kengele bado anagonga 😂

Mjomba Juma: Cheka tu. Nani alipata D ya jiografia humu ndani?

Shangazi Halima: Mimi naunga mkono Dunga. Nyanya hawezi safari ya Nairobi. Ana miaka 78, magoti ndiyo hayo. Mjukuu wake wa kwanza apigwe picha mahali ambapo yeye hawezi kufika? Dunga tuktuk inamfikisha mpaka mlangoni.

Mama Rukia: Hilo ndilo la msingi. Nyanya kwanza.

Mama Mdogo Asha: Kweli kabisa. Tusimsumbue mzee.

Rukia: Sikumsahau Nyanya. Nilisema tutampelekea albamu.

Shangazi Halima: Albamu.

Nassir: Ila Dunga niwaambie ukweli, msije mkanilaumu. Mwezi uliopita nilipeleka wachumba pale. Tumefika saa kumi na moja, maji yako wazi, mitumbwi imefungwa pale na rangi zake, mafunjo kule nyuma, nikasema leo ni leo. Nikainama kubadilisha lenzi. Kuinua kichwa, upepo umegeuka na gugu maji limeingia kama zulia la msikiti, mpaka kwenye miguu ya watu. Bwana mwenyewe amevaa suti ya kijani. Kwenye picha unaona kichwa na viganja viwili.

Swabra: 😭😭😭

Mama Mdogo Asha: Maskini. Alikulipa?

Nassir: Alilipa nusu, akasema na yeye anaonekana nusu.

Mjomba Juma: Ndiyo maana nasema asubuhi. Asubuhi ziwa limelala. Mchana nchi kavu inapata joto, upepo unaanza kutoka ziwani, na alasiri mvua inakutafuta na mwavuli wako.

Nassir: Asubuhi jua liko upande wa Ahero, Mjomba. Ukitaka maji nyuma yao, jua linawapiga usoni, wanakunja macho kama wanasoma bei ya sukari. Ni jioni tu, na jioni yenyewe ni fupi. Jua likigusa maji una dakika kama ishirini, baada ya hapo ni giza na mbu.

Nassir: Au turushe droni. Tuwapige kutoka juu, ziwa lote.

Mjomba Juma: Una kibali cha KCAA, wale wa usafiri wa anga?

Nassir: Rafiki yangu anayo droni

Mjomba Juma: Sikuuliza droni. Nimeuliza kibali. Uwanja wa ndege uko hapo hapo ziwani, unataka waje wakuchukue wewe na Idi kabla ya nikaha?

Shangazi Halima: Droni hapana. Kwanza inapiga mpaka nyua za watu, mtu anafua.

*Jumatatu*

Mama Rukia: Nimelala na hili jambo. Popote mtakapopigia, makubaliano yaandikwe. Mnakumbuka yule aliyepiga harusi ya Zubeda? Tulimpa nusu ya pesa siku hiyo hiyo. Picha tukaziona baada ya miezi mitano, na jina lake limegongwa katikati ya uso wa Zubeda kama muhuri wa nyama. Ukitaka uso usafishwe, ongeza elfu tano.

Mama Mdogo Asha: Na moja ilikuwa kwenye ukurasa wake kabla hata bibi harusi mwenyewe hajaiona! Mimi niliiona nikiwa Nakuru, kwenye saluni.

Mama Rukia: Kwa hiyo iandikwe: picha ngapi, siku gani, hazina muhuri, na hawekwi mtu mtandaoni bila kuulizwa.

Mjomba Juma: Hilo hata sheria iko nyuma yako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kutumia sura ya mtu kujitangazia biashara kunahitaji ridhaa yake.

Rukia: Sawa Mama, nitamwandikia leo. Yeye hana neno, anatoa karatasi mwenyewe.

Mama Rukia: Na nguo?

Rukia: Ya kwanza Idi kanzu nyeupe, mimi dira la bluu. Ya pili bado.

Nassir: Kanzu nyeupe iwe asubuhi mapema au jioni, isiwe saa saba mchana. Jua la utosini kamera inaiona ile nyeupe, inaogopa, inatia uso giza. Ukiufungua uso, kanzu inaungua, hata ile tarizi ya kifuani huioni, anakuwa kama shuka limeanikwa. Tena Idi ni mweusi kama mimi, kwa hiyo mpiga picha asome mwanga kwenye uso wake, si kwenye nguo.

Shangazi Halima: Kumbe huyu mtoto anajua kazi.

Nassir: Shangazi, miaka yote hii ulifikiri nacheza?

Shangazi Halima: Ndiyo.

Swabra: Nguo ya pili Nyanya amesema ni kanga. Ametoa moja sandukuni, haijawahi kuvaliwa, bado ina harufu ya udi. Nimejifunga nikapiga, ngojeni niwatumie

Swabra: [picha]

Swabra: [picha]

Mama Mdogo Asha: MashaAllah! Nyekundu ya damu ya mzee kabisa. Lakini jina lake mbona silisomi?

Shangazi Halima: Ni Kiarabu?

Mjomba Juma: Si Kiarabu. Labda Kigujarati, zamani ziliandikwa na Wahindi.

Nassir: Jamani. Amejipiga na kamera ya mbele. Maneno yamegeuka.

Swabra: Wee! Ndiyo maana Nyanya ananiuliza hii ni kanga yake au ya jirani 😂😂

Nassir: Shikilia simu mbele ya kioo cha kabati.

Mjomba Juma: Naam. "Mapenzi ni kikohozi hayawezi kufichika."

Mama Rukia: Nyanya ndiye amechagua hiyo?

Swabra: Ndiyo. Na anataka kuongea. Amekuwa akisomewa kikundi tangu jana, amesikia kila kitu.

Shangazi Halima: Kila kitu?

Swabra: Hata magoti.

Swabra: Simu yangu sauti haiendi vizuri. Naandika anavyosema, msinilaumu mimi.

Swabra: "Salaam aleikum wanangu. Nimesikia mmenihurumia. Nani kati yenu aliniuliza?"

Swabra: "Mimi na babu yenu tulipiga picha mwaka wa 1968, wiki ya pili baada ya nikaha. Studio ilikuwa ya Mhindi, kule mjini, karibu na mnara wa saa. Ndani kulikuwa na pazia limechorwa ghorofa, magari na ndege moja inapita juu. Fundi akasema hiyo ni Nairobi. Mimi nilikuwa sijafika hata Ahero. Nikasimama mbele ya Nairobi ya rangi, rangi yenyewe inatoka ikikugusa, buibui langu likabaki na doa la kijani begani."

Mjomba Juma: Mwaka huo KICC yenyewe ilikuwa bado inajengwa, ilikamilika 1973. Kwa hiyo yule fundi alichora ghorofa za kichwani mwake.

Swabra: Nyanya anasema Juma usimkate kauli

Mjomba Juma: Samahani Mama.

Swabra: "Babu yenu aliniahidi atanipeleka nikazione zenyewe. Alikuwa mtu wa reli, tiketi kwake haikuwa shida. Kila mwaka nikawa na mimba au yeye ana zamu. Mpaka amekwenda zake, Allah amrehemu."

Mama Rukia: Amin.

Mama Mdogo Asha: Amin. Hii sikuwahi kuisikia.

Swabra: "Sasa mtoto anataka kupanda juu ya ghorofa ya kweli, nyinyi mnamrudisha kwenye gugu maji. Dunga naijua. Nimenunua ngege pale kabla Halima hajaota meno. Mimi nitakwenda Nairobi."

Nassir: 🔥🔥🔥🔥

Shangazi Halima: Mama, kwa basi ni mwendo wa saa saba au nane! Kericho kwenye zile kona utatapika!

Swabra: Anasema alizaa watoto sita bila kutapika.

Rukia: Nyanya nalia hapa kazini, watu wananiangalia

Swabra: Anasema usilie, ana masharti.

Swabra: La kwanza, yeye ndiye mahram, kwa hiyo Halima atulie.

Mjomba Juma: Kisheria mahram ni mwanamume, lakini sitaki kukata kauli tena. Nitakwenda mimi pia.

Swabra: La pili, msishikane. Katika ile picha yake kuna kiti katikati, babu ameweka mkono juu ya kiti, yeye ameweka wake upande wa pili. Anataka hivyo hivyo. Mkishamaliza nikaha mshikane mpaka mchoke, haitakuwa shughuli yake.

Rukia: Sawa Nyanya. Kwani tuna hiyo picha?

Swabra: Iko ndani ya msahafu wa babu. Ngoja niipige. Kamera ya NYUMA.

Swabra: [picha]

Nassir: Aisee. Tazameni mikono. Vidole vyao vidogo vinagusana nyuma ya mgongo wa kiti.

Mama Mdogo Asha: Wapi?

Nassir: Vuta picha, upande wa kushoto, hapo kiti kimevunjika kidogo.

Shangazi Halima: Lahaula.

Mama Rukia: Miaka yote nimeitazama hii picha na sikuona.

Swabra: Nimemwonyesha. Anasema macho ya Nassir yana matatizo.

*Jumatano*

Rukia: Nimepiga simu KICC kuuliza mambo ya kamera na lifti, na kama kuna ngazi za kupanda mwishoni. Wamesema niende mwenyewe nione, nitapita Ijumaa baada ya kazi. Kama ngazi zipo na ni nyingi, tutapiga chini pale uwanjani, jengo lenyewe liwe nyuma. Nyanya amekubali?

Swabra: Anasema ngazi atazihesabu mwenyewe akifika.

Mama Rukia: Tarehe isogezwe mpaka mwezi wa tisa basi, baridi ipungue. Nikaha si ni wa kumi?

Rukia: Idi ameshaongea na mpiga picha, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa iko wazi. Saa kumi jioni, kama Nassir alivyosema, kwa ajili ya kanzu.

Mjomba Juma: Safari tuigawe. Tulale Nakuru kwa Asha Alhamisi, Ijumaa tumalizie. Kutoka Nakuru ni kama kilomita 160 tu.

Mama Mdogo Asha: Karibuni sana. Nitapika pilau. Mko wangapi?

Mjomba Juma: Mama, mimi, Swabra, Nassir na kamera yake.

Shangazi Halima: Na mimi.

Nassir: Shangazi si ulikuwa Dunga?

Shangazi Halima: Mtu akitapika Kericho nani atamshika kichwa?

Mama Rukia: Nauli tuchange. Tuma kwangu, andika jina lako, nisije nikapata elfu moja ya malaika.

Nassir: Nimetuma.

Mjomba Juma: Nimetuma.

Swabra: Nyanya anauliza, na kiti?

Rukia: Kiti gani?

Swabra: Cha kuwekwa katikati. Anasema vya huko havijui, anakuja na chake, kile cha mvule cha sebuleni. Anauliza kwenye basi kinakaa juu au kinakatiwa tiketi.