Uganda ilipata uhuru mara ngapi? Oktoba 9 na Januari 26 zinanichanganya

Jamani habari zenu, mie nimehamia Kampala toka Mwanza, nauza vitenge Kikuubo. Januari 26 nimefika asubuhi nakuta jirani hajafungua, nampigia ananiambia leo sikukuu ya ukombozi. Haya, juzi Oktoba mtoto kaja na kibendera eti kesho uhuru. Ananiuliza baba, mara ya pili walikombolewa kwa nani? Nikabaki naangalia dari. Nisaidieni.

Jibu 1
Karibu Kampala ndugu. Uhuru ni Oktoba 9 tu, mwaka 1962, bendera ya Mwingereza ikashushwa usiku wa manane pale Kololo ikapanda hii yetu nyeusi njano nyekundu yenye korongo katikati, Obote akiwa waziri mkuu. Ila Malkia aliendelea kuwa mkuu wa nchi mwaka mzima bwana, mpaka Oktoba 9, 1963 ndo Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, akawa rais. Hiyo ya Januari ni 1986, NRA, jeshi la msituni la Museveni, ilipoishika Kampala, hapo hakutolewa mzungu, ilitolewa serikali ya Tito Okello, mwanajeshi kwa mwanajeshi.

Jibu 2
Ukombozi inategemea unamuuliza nani. Mimi kwetu Gulu, kaskazini, na huku kwetu vita ndo ilianza mwaka huohuo 1986 wenzetu wakishangilia. Januari 26 huwa nafua nguo tu.

Jibu 3
Kaka mpeleke mtoto akaone sanamu ya uhuru, ipo Speke Road, bure kabisa. Mama kamnyanyua mtoto juu, mtoto mikono hewani, lakini mama mwenyewe bado kazungushiwa vitu kama bandeji. Aliichonga Gregory Maloba, Mkenya. Binti yangu alisimama pale akaniuliza mbona huyu mama hawajamaliza kumfungua, nikamnunulia aiskrimu.

Muuliza swali
Hahaha asanteni, Jumapili tunaenda, aiskrimu naandaa kabisa. Na hii Tarehe Sita wanayoitaja redioni nayo ni nini tena??

Jibu 1
Februari 6, 1981, Museveni na wenzake walipovamia kambi ya jeshi ya Kabamba kuanza vita vya msituni, sasa ni siku ya jeshi. Na jina ni hilohilo la Kiswahili, hata yule jirani yako asiyejua kusalimia kwa Kiswahili utamsikia anasema Tarehe Sita.